Kimya Kilichonijibia

Kila Ijumaa asubuhi, kabla Baba hajaanza kujitayarisha kwa swala, mimi ndiye ninayemmiminia kahawa. Kazi hii niliirithi kwa dada yangu Lamya alipoolewa, na tangu hapo sijampa mtu. Dele la kahawa nalishika kwa mkono wa kushoto, finjani kwa mkono wa kulia, nakaa kwenye zulia karibu na goti lake, namimina kidogo kidogo. Baba anakunywa huku akisoma khabari kwenye simu na kulalamika kwamba maandishi ya siku hizi yamekuwa madogo. Akitosheka hasemi kitu. Anaitikisa finjani, kushoto na kulia, nami nainuka.

Nyumbani kwetu Wattaya, hapa Muscat, ndivyo tulivyo. Mengi tunayamaliza kwa mikono na macho.

Ijumaa ile Baba aliitikisa finjani mapema, na nilipotaka kuinuka akanishika mkono.

"Kaa, Wijdan. Nna neno nawe."

Nikakaa. Jikoni, Mama akafunga bomba la maji, na nyumba nzima ikawa inasikiliza.

"Shangazi yako kaja jana," Baba akasema. "Kakuposea mwanawe, Talal. Kijana tunamjua, kakulia mikononi mwetu. Ana kazi yake, anaswali, hana makuu. Lakini mimi si baba wa kumpa mtu binti yangu kwa nguvu. Nnakuuliza wewe. Unamridhia?"

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Mimi ni msichana niliyesoma chuo, ofisini kwetu Al Khuwair naandika ripoti zinazosomwa na wakubwa, na kwenye karatasi sikosi neno. Lakini mbele ya Baba ulimi wangu huwa mzito tangu utotoni. Jina la mtu mwingine lilinipanda mpaka kooni, likakaa hapo hapo. Nikainamisha kichwa nikaitazama finjani, na chembe za iliki zilizojikusanya chini yake.

Baba alingoja. Simlaumu, alingoja kwa kweli. Kisha uso wake ukafunguka.

"Alhamdulillah," akasema. "Hata mama yako alipoulizwa kuhusu mimi, alinyamaza hivi hivi."

Kwa desturi yetu, mwari akiulizwa akanyamaza, amejibu. Haya zake ndiyo ridhaa yake, na hakuna anayemuuliza mara ya pili, maana kumuuliza tena ni kumvunjia heshima. Jikoni Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akapiga simu kuuliza kuna kheri gani. Kabla ya adhana ya Ijumaa, Baba alikuwa ameshawaambia watu wa Matrah, watu wa Nizwa na binamu zake wote walioko Unguja. Milka ikawekwa Alkhamisi inayofuata. Harusi ingeweza kungoja hata mwaka, lakini milka ndiyo kuandikiana. Baada ya milka, wewe ni mke wa mtu.

Mimi nikaenda kuosha finjani.

*

Jina lililonikaa kooni lilikuwa Jaifar.

Anafanya kazi jengo moja na mimi, ghorofa ya juu yetu, na siku za mapumziko anaongoza watu kutembea milimani. Nilijiunga na kundi lake kwa kuburutwa na rafiki zangu wa ofisini. Siku ya kwanza tulipanda milima iliyo nyuma ya Bustan, nami nikawa wa mwisho, nahema, naona aibu kuomba tupumzike. Nikashangaa kumwona kiongozi anatembea nyuma yangu.

"Mbona upo huku?" nikamuuliza. "Kiongozi si hukaa mbele?"

"Wa mbele wanaona rangi," akasema. Alikuwa na maana ya alama zinazopakwa kwenye mawe, njano na nyeupe na nyekundu, ili mtu asipoteze njia. "Wao hawanihitaji. Mwenye kuhitaji mtu ni wa mwisho."

Tangu siku hiyo akaniita Bi Mwisho. Nami, hata nilipopata nguvu za kutembea mbele, nikaendelea kubaki nyuma.

Hatukuwahi kushikana mikono. Pahala pagumu alikuwa akininyooshea fimbo yake, mimi nashika ncha moja na yeye nyingine, mpaka nivuke. Hatukuambiana lolote ambalo mtu angeweza kutushitakia kwalo. Lakini alijua napenda chai bila sukari, nami nilijua kwamba aliachana na mkewe, kwamba binti yao Jawaher anakaa kwake na bibi yake, na kwamba kila safari mtoto huyo hunitumia biskuti moja aliyokwisha kuing'ata. "Ameionja kwanza," Jaifar huniambia, "asije akakupa mbaya."

Nilikuwa nangoja amtume mama yake. Mwaka mzima nilikuwa nangoja.

Na safari ya mlima wa Jebel Shams niliipanga mwenyewe, kabla ya posa. Baba alizaliwa Unguja akaja Muscat akiwa kijana. Ameshafika Makka, ameshafika mpaka London kutibiwa macho, lakini korongo kubwa la nchi yake hakuwahi kuliona. Nilimwahidi kumpeleka, nikamwomba Jaifar atuongoze, na siku tuliyokubaliana ilikuwa Jumamosi, kesho yake ile Ijumaa. Jaifar angewaona wazazi wangu, nao wangemwona. Ndivyo nilivyopanga. Sasa sikujua hata nitaanzia wapi kuahirisha.

*

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Dada Lamya aliendesha, Baba kakaa mbele, mimi na Mama nyuma na kapu la sambusa katikati yetu.

Niseme hapa, maana kuna watu hawajui: Lamya si wa tumbo la Mama. Mama yake alifariki yeye akiwa anatambaa, na Baba alipomwoa Mama, Mama aliingia nyumbani akamkuta mtoto. Akamlea. Mimi nilizaliwa baadaye, na kusema kweli nimepakatwa na Lamya kuliko nilivyopakatwa na mtu mwingine yeyote.

"Punguza mwendo," Mama akamwambia tulipoacha lami na barabara ikawa ya vumbi, upande mmoja jabali na upande mmoja hakuna kitu.

"Mama, punda ametupita," Lamya akasema.

"Nna mwari ndani ya gari. Alkhamisi nnamtaka mzima."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Sijamwona na furaha namna ile kwa muda mrefu. Njia nzima simu yake ililia, na kila aliyepiga aliambiwa, "Ndiyo, mtoto wa dadangu. Damu imerudi kwenye damu." Nami nikageuza uso dirishani.

Jaifar alikuwa ametangulia, anatungoja mwisho wa barabara, juu kabisa, upepo unampeperushia kanzu. Hapo chini ya miguu yake dunia ilikuwa imepasuka.

"Asalaam alaykum, Ammi Mahfoudh," akamwambia Baba akamshika mkono kumsaidia kushuka. "Karibuni. Leo mawingu hayapo, una bahati."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Wewe ndiye kiongozi? Mbona kijana hivi?"

"Mlima ndio mzee, Ammi. Mimi nnafuata tu."

Baba akampenda papo hapo, niliona. Lakini Mama alipomtazama vizuri akavuta mtandio mpaka puani. Nilidhani ni baridi.

"Tumekuja kumtembeza bi harusi," Mama akasema, kabla mtu hajamuuliza. Alisema kwa sauti ya upole, polepole, neno moja baada ya jingine. "Alkhamisi hii tunamwandikia na Talal, mtoto wa shangazi yake."

Jaifar hakunitazama. Aliinama akafungua kamba ya kiatu, akaifunga tena.

"Mabruk, Bi Zakiya," akasema akiwa bado ameinama. "Mabruk kwenu nyote."

*

Baba alitembea nasi mpaka kona ya kwanza, pale ambapo njia inajipenyeza kwenye ubavu wa jabali na korongo linafunguka lote mbele yako. Akasimama. Kuta za mawe zilishuka, zikashuka, rangi ya kutu na rangi ya majivu, mpaka jicho likachoka kuzifuata. Chini kabisa kulikuwa na doa la mitende, dogo kama jani la mnanaa lililoanguka kwenye sinia.

"Subhanallah," Baba akasema. Kisha akasema, "Unguja hatukuwa na mlima. Mlima wetu sisi ulikuwa ngazi ya kwa bibi yangu Malindi, na ule pia ulinishinda."

Jaifar akacheka, na mimi nikacheka, na macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza siku ile. Yeye ndiye aliyeyaondoa mwanzo.

"Mimi nimefika," Baba akasema. "Nyinyi endeleeni mkaone hizo nyumba za zamani anazozisema kiongozi. Mimi nnarudi kwa mama yenu nikanywe kahawa. Lamya, usimwache mdogo wako peke yake."

"Simwachi, Baba."

Lamya akashika njia mbele, akipiga picha kila jiwe. Mbuzi mmoja mweusi akatokea kusikojulikana, akamnyakulia mfuko wa sambusa na kuuramba mbele yake bila haya. Lamya akamgombeza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiarabu, mbuzi asielewe lugha yoyote. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Nyuma yangu nilisikia fimbo ya Jaifar ikigonga mawe. Ilikuwa ikigonga vilevile kama siku zote, nami nilitamani ikosee mara moja tu.

"Talal ni mtu mzuri," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Namjua. Ana roho safi."

"Jaifar."

"Angalia mguu wako. Hapo pana kokoto."

Nikaangalia mguu wangu. Machozi yakadondoka kwenye kiatu, na sikuweza kuyafuta bila yeye kuona.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ningempa mtu mwingine awaongoze. Ningekupunguzia, na mimi ningejipunguzia."

"Nimeulizwa jana. Jana asubuhi, namiminia kahawa."

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

Fimbo ikanyamaza. Nilipogeuka nikamwona amesimama, mkono mmoja ameuweka kwenye jabali.

"Basi umesema," akajibu.

"Sikusema, Jaifar. Nilishindwa. Wewe unanijua nilivyo."

"Mimi nakujua. Baba yako kakuuliza kama baba anavyouliza, na kaelewa kama baba anavyoelewa. Sasa ameshatoa neno kwa dada yake. Nani atalirudisha?"

Hapo nikapata hasira, na hasira ikanipa sauti ambayo mapenzi hayakuwahi kunipa.

"Na wewe je? Mwaka mzima nakungoja. Wewe umesema lini? Umemtuma nani?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mdogo, hajui amkemee au amwonee huruma.

"Mimi nilisema, Wijdan. Mama yangu alikuja kwenu. Mwaka jana, baada ya Idi Ndogo. Alivaa baibui lake jipya, akachukua na halwa. Akakaa na mama yako, akamwonyesha picha yangu, akamwambia, tunamtaka Wijdan."

Upepo ulikuwa ukivuma chini ya korongo, lakini pale juu hakukutikisika kitu.

"Akaambiwa nini?" nikauliza.

"Akaambiwa binti bado anasoma." Alitabasamu, tabasamu lisilokuwa na furaha ndani yake. "Mama yangu akarudi akaniambia, mwanangu, wakikwambia binti anasoma na binti ameshaajiriwa, jua umekataliwa kwa adabu. Nikafikiri ni wewe. Nikafikiri umeona haya kuniambia mwenyewe. Nikasema basi, nitaendelea kutembea nyuma yake. Hilo halijakatazwa."

"Sikuambiwa. Wallahi sikuambiwa neno."

"Nimeliona sasa hivi, usoni kwako. Bora nisingeliona."

Tulikuwa hatujui kwamba Lamya amesimama. Alikuwa kwenye kona, simu yake imening'inia mkononi, mbuzi bado anamfuata.

"Mimi nilikuwepo," akasema.

"Wapi, Dada?"

"Siku aliyokuja mama yake. Nilikuwa jikoni naipanga halwa yao kwenye sahani." Akaja taratibu mpaka tulipo, akakaa kwenye jiwe. Dada yangu huyu hana dakika bila kuongea, lakini sasa maneno yalimtoka moja moja. "Wageni walipotoka, Mama alikuja jikoni. Kaniambia, binti yangu hatoki hapa mwari akenda kulea mtoto wa mwenziwe. Mimi nimelea, najua kazi yake. Ndivyo alivyosema. Nami sahani ipo mkononi."

Jaifar akageuza uso, akatazama upande wa pili wa korongo, kwa heshima, ili Lamya asione anatazamwa.

"Aliniambia mimi, Wijdan," Lamya akasema. "Mtoto wa mwenziwe aliyemlea ni mimi."

Nikapiga magoti, nikamshika. Mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyozoea.

"Hakukusudia wewe, Dada. Alisahau tu."

"Najua alisahau. Ndio maana nikanyamaza. Angelikuwa amekusudia ningemjibu." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na wewe sikukwambia kwa kuwa sikutaka umchukie kwa ajili yangu. Wala sikujua kama unampenda mtu. Wewe husemi."

Hakuna kilichonilaumu siku ile kuliko neno hilo, na wala halikusemwa kwa lawama.

*

Tulifika kwenye nyumba za mawe zilizoachwa, zimejificha chini ya jabali kama vifaranga chini ya mama yao. Milango haipo, vizingiti vipo. Mbele yake kulikuwa na vijibustani vya ngazi ngazi, udongo bado umeshikwa na kuta ndogo ambazo mtu alizijenga kwa mkono wake, jiwe juu ya jiwe, juu ya shimo lile. Lamya akaingia nyumba moja, akajidai anaangalia dari. Alikuwa anatupa nafasi.

"Nimepewa uhamisho," Jaifar akasema. "Salalah. Nilikuwa sijajibu, nilikuwa natafuta sababu ya kukataa." Akaokota kijiwe, akakirudisha pale pale alipokitoa. "Jawaher ataipenda mvua ya kule."

"Niambie la kufanya."

"Siwezi."

"Niambie, nitafanya."

"Ndio maana siwezi." Alisema polepole sana. "Nikikwambia ukatae, utakuwa umekataa kwa sauti yangu. Nikikwambia twende kwa baba yako sasa hivi, nitakuwa nimemwaibisha mzee aliyenishika mkono asubuhi hii akaniita mwanangu. Nakutaka, Wijdan. Sitakuficha, nimeshachoka kuficha. Lakini sikutaki kwa njia ambayo itakufanya ushindwe kukaa tena kwenye zulia lile ukammiminia baba yako kahawa."

Nikalia. Sikulia kwa sauti, hata kulia sijui kulia kwa sauti. Yeye akasimama pale, mikono yake yote miwili kwenye fimbo, na umbali uliokuwa baina yetu haukuzidi urefu wa fimbo ile. Hakuuvuka. Namshukuru kwa hilo, na moyo wangu bado haujamsamehe kwa hilo.

"Nikuulize la njia," nikasema baadaye, maana la njia ndilo tuliloweza kulisema.

"Uliza."

"Mtu akipita, akaona rangi haipo tena. Afanye nini?"

"Asimame."

"Halafu?"

"Arudi mpaka kwenye alama ya mwisho aliyoiona. Hata kama ni mbali, hata kama wenziwe wameshatangulia. Asikate njia. Huku wanaoanguka ni wale wanaokata njia."

Akajua ninalouliza, nami nikajua amejua. Hatukusema zaidi.

Wakati wa kurudi kulikuwa na jabali moja la kushuka, laini, linateleza. Akatangulia kushuka, kisha akaninyooshea fimbo. Nikaishika ncha. Nikashuka, nikasimama sawasawa, miguu yangu yote miwili kwenye njia, na hatukuiachia. Lamya alikuwa ameshapita. Sijui tulisimama kiasi gani. Najua kwamba niliuona mkono wake ukifunguka, kidole baada ya kidole, mpaka fimbo ikabaki mkononi mwangu peke yangu.

"Kaa nayo," akasema. "Itakufaa."

*

Baba na Mama walikuwa wametandika jamvi karibu na ukingo, nyuma ya jiwe kubwa linalozuia upepo. Mama akammiminia Jaifar kahawa kwa mkono wake. Hilo pia lazima niliseme, Mama yangu si mtu mbaya. Alimmiminia vizuri, akampa na tende.

"Endelea kunywa, mwanangu," Baba akamwambia. "Umetutembezea watoto."

Jaifar akanywa finjani moja. Akaitikisa pale pale.

"Yatosha, Ammi. Nina safari."

Akaagana na Baba. Akaagana na Mama, kichwa chini. Alipofika kwangu akatia mkono mfukoni akatoa kitambaa cha karatasi kilichokunjwa. "Kutoka kwa Jawaher," akasema. "Alinisisitizia." Akaenda zake. Sikukifungua, nilikuwa najua kilicho ndani. Niliipapasa biskuti kwa kidole nikapata pale alipoing'ata.

Gari lake likashuka na vumbi lake, likapotea kwenye kona ya kwanza, likaonekana tena dogo chini, halafu halikuonekana.

"Kijana wa watu mzuri," Mama akasema, akiliangalia vumbi. "Mungu atampa wake."

Lamya akaweka finjani yake chini. Mama akamtazama, akaona macho yake mekundu, akageukia kapu la sambusa.

"Haya, Wijdan," Baba akasema na kuninyooshea finjani. "Nimiminie. Kahawa ya mama yako leo haina mkono wako."

Nikachukua dele kwa mkono wa kushoto. Nikakaa karibu na goti lake, pahala pangu pa kila Ijumaa. Fimbo niliilaza kando yangu, biskuti nikaiweka pajani. Nikammiminia, naye akanywa akitazama korongo, ameridhika, mzee aliyeona mlima wake na kumpatia binti yake mume. Nikafikiri, nikimwacha hivi hivi ataishi na furaha hii mpaka mwisho. Nitamzalia wajukuu. Kila Ijumaa nitakuja na Talal, nitamiminia, atatikisa, nami nitainuka.

Jaifar ameshafika lami, huenda. Hata nikisema, hatanisikia. Hakuniahidi kungoja, na Salalah ni mbali.

Baba akaanza kuitikisa finjani. Nikamshika mkono, kama alivyonishika yeye.

"Baba," nikasema. "Niulize tena."

"Nikuulize nini, mwanangu?"

"Lile la jana."

Mama akanyanyuka nusu. "Wijdan, khalas. Watu wameshaambiwa. Shangazi yako ameshanunua dhahabu."

"Mwache, Mama," Lamya akasema. Hakuinua sauti. "Mwache asikike mara moja."

Mama akamgeukia Lamya, na sijui aliona nini usoni mwake, lakini akarudi akakaa. Akanitazama mimi, halafu akaitazama mikono yake. Nikakumbuka kwamba na yeye aliulizwa siku moja akanyamaza, na hakuna mtu yeyote, hata mimi, aliyewahi kumuuliza kimya kile kilikuwa na nini ndani yake.

Baba akaiweka finjani juu ya jamvi. Furaha ilikuwa inamtoka usoni kidogo kidogo, nami niliiona ikitoka, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko korongo zima. Lakini ni mtu wa haki, Baba. Akajisogeza, akanielekea, akakaa kama alivyokaa jana.

"Wijdan binti Mahfoudh," akasema, "mtoto wa shangazi yako kakuposa. Unamridhia?"

Kichwa kikataka kuinama, kwa mazoea. Nikaona kimya kinakuja, kile kile, kinataka kunijibia. Nikaishika biskuti iliyo pajani, na Lamya akanishika mkono huo, akaukamata.

Nikamtazama Baba machoni.

"Hapana, Baba," nikasema. "Simridhii Talal, na jana sikumridhia, niliona haya tu. Namtaka Jaifar. Na mwanawe namtaka."